Msalaba wa Kijani

Msalaba wa duka la dawa, hapa Nyawera,
huwaka hesabu tatu, huzimika hesabu mbili.
Nimeuzoea. Kwenye tatu nasoma mstari,
kwenye mbili naurudia kimoyomoyo, macho wazi gizani,
kama mtu anayetafuna na hataki kumeza upesi.
Mimi ni zamu. Nalinda vidonge vya watu,
kufuli mbili, na daftari moja.

Daftari si langu. Ni la binamu yangu Zihalirwa,
aliyesoma hisabati na fizikia kwa mapadri
kabla hajaenda Kampala kuuza simu.
Mwandiko wake umelala upande kama mvua ya Muhungu.
Ukurasa wa arobaini na moja haupo:
mama yake aliufungia karanga.
Basi kuna kanuni moja, ya kitu kinachozunguka,
ambayo ilinibidi niitafute mwenyewe,
siku tatu usiku, kwa chaki, kwenye saruji ya baraza.
Asubuhi bosi akauliza ni nani
aliyechora uchawi mlangoni pake.

Diploma ninayo. Ya ualimu. Hamsini na mbili.
Nimeikunja mara nne, inakaa ndani ya Biblia
pale ambapo hakuna anayefungua, katika Hesabu.
Nilipoipeleka kwa wahandisi,
yule bwana aliishika kwa vidole viwili:
"Hapa kwetu ni sabini, kijana. Na hisabati iwe hisabati."
Hakuwa mkali. Alinionyesha hata mlango.

Mwezi wa pili nikaenda kujiandikisha upya.
Karani: Shule?
Mimi: Nasoma peke yangu.
Akainua kalamu, akavitazama viatu vyangu.
"Andika otodidakti."
Nikaliandika kwa herufi kubwa, likavuka kisanduku chake,
likaingia palipoandikwa Jina la Baba.
Baba yuko Kamituga, shimoni.
Hana habari kwamba siku hizi anaitwa hivyo.

Saa nane usiku mtu akagonga, mtoto ana homa.
Nikamwamsha mfamasia. Huku akisubiri chenji
aliinama juu ya daftari, maji yakimdondoka kofiani.
"Unasali nini hapa?"
Nikamwambia: limiti.
Akatikisa kichwa kwa heshima, kama nimetaja ugonjwa.

Kisha ule usiku umeme ulipokatika kuanzia Kadutu hadi ziwani,
msalaba ukafa na betri yake.
Nilikaa nikisubiri tatu ije. Haikuja.
Nikaanza tu, kwa mdomo, ukurasa wa kwanza,
wa pili, wa tisa, na mifano, na makosa ya Zihalirwa,
mpaka pale pa karanga. Nikapapita.
Mbwa wa jirani alinyamaza. Labda alichoka.

Mtihani umepita. Sitasema mengi.
Maswali manne nimeyakisia. La tano nimelifuta,
nikalifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka,
na mashine inayosahihisha, nasikia, haipendi matundu.
Kitu kinachozunguka kilikuja.
Nilikitazama kama unavyomtazama mtu wa kwenu
unapomwona ghafla mji wa mbali.

Mama ameshanunua poda.
Hapa anayefaulu humwagiwa poda kichwani
hadi afanane na unga uliokatazwa kuwa mkate.
Kopo lilikuwa juu ya kabati, na karatasi yake.
Jana nimelikuta wazi.
Ansima, mtoto wa jirani, ana vipele vya joto.
"Nimempaka kidogo tu," mama akasema, akichambua mchele.
"Kichwa chako si kikubwa kihivyo."

Leo niko kazini. Daftari nimelirudisha.
Tatu. Mbili. Tatu.
Mkono umetafuta kitu, umekuta boksi tupu la dawa ya minyoo.
Nimeligeuza upande wa maandishi madogo
na nimeanza juu.