Kwa Ndahani, Kabla Hujawasha Mashine

Ngoja kwanza. Mkanda usiuguse.
Magunia ya watu wa Pandambili hayaendi popote,
na jua la Kibaigwa halijafika hata kwenye mizani.
Kaa upande huu, sikio la kulia lina nafuu.

Ulicheka jana, nilikuona.
Mama mwenye uwele alisema "samahani",
nami nikakuita: "Ndahani! Unatakiwa!"
Watu wakashika mbavu. Nikacheka nao,
maana kucheka ni pazia la asiyesikia.

Sijawa kiziwi, lakini.
Lori nalisikia, ng'ombe, ngurumo, sauti nene zote.
Ni s na f na t zinazodondoka njiani
kama punje kwenye gunia lililotobolewa na panya.
Mteja akisema sita, napokea i na a tupu.
Siku moja nikajazia mwenyewe: tisa.
Tuligombana hadi ofisi ya soko.

Mwaka jana alikuja binti wa afya kazini
na kidude chenye kioo, mfano wa simu.
Akakishika hapa, usawa wa kichwa changu, mashine ikikoboa:
tisini na saba.
Nikamuuliza, tisini na saba za nini, shilingi?
Desibeli, akasema, na hesabu yake si ya madebe.
Themanini na tano, una saa nane.
Ongeza tatu, tatu tu, kiganja hakijai,
nguvu ya sauti imekuwa maradufu, muda umekatika nusu.
Themanini na nane, saa nne.
Tisini na moja, mbili.
Akaendelea kukata kama mtu anayegawa ugali kwa watoto wengi
hadi tukafika kwangu:
nusu saa.
Nusu saa kwa siku, Ndahani.
Mimi nimesimama hapa miaka kumi na tisa.

Ndani ya sikio, alisema, mna vinywele.
Nikakumbuka shamba letu kule Hogoro:
ng'ombe wakipita mara moja, uwele hulala, kesho umeinuka.
Wakipita kila siku, umelala moja kwa moja.
Na shamba hili halipandwi mara ya pili.

Usiku nikizima taa, nyenje mmoja anaanza.
Kiangazi, masika, yeye hana msimu.
Nilimtafuta hadi darini,
mke wangu akishika tochi, kimya,
akijua hakuna nyenje.

Huyo nimemzoea. Lililonivunja ni ilimba.
Nyemo, mwanangu wa mwisho, amerithi la babu yake.
Naona vidole gumba vikipanda hadi vyuma vifupi vya pembeni,
vinabonyeza, vinaachia,
na hapo kwangu pana shimo.
Nilipiga makofi. Wimbo ulikuwa haujaisha.

Usingoje binti na kidude. Nyoosha mkono.
Mtu akisimama kwenye ncha ya vidole vyako
na bado unampigia kelele ili akusikie,
hapo masikio yanasagwa.
Pamba haitoshi. Nimejaribu pamba, nimejaribu hata karatasi.

Vya kuzibia ni hivyo, kwenye msumari juu ya swichi.
Nimevinunua kwa pesa ya pumba.
Vinabana, vinatoa jasho, na watakuita rubani.
Waache waite.

Vaa. Bado, sogeza nywele. Sasa washa.

Na jioni upitie nyumbani,
ukae karibu na Nyemo,
uniambie vile vyuma vifupi
vinasemaje.