Kiherehere

Bi Kerubo aliiweka juu ya kaunta
ikiwa imeviringishwa kwa taulo la samawati,
akaifunua ncha kwa ncha kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
"Haina ugonjwa," akasema. "Ina kiherehere."

Mimi, fundi wa ghorofa ya pili, Luthuli,
nimeletewa zilizomwagikiwa chai, zilizokaliwa na wageni,
moja iliyokuwa na ukoo mzima wa mende ndani ya feni.
Ya kiherehere, sijawahi.
Chini, maduka ya spika yalishindana kuipasua Jumamosi.
Nikainama nimsikie vizuri.

"Kila wiki napangusa vumbi. Meza, redio, picha, hii.
Nainua kifuniko tu, nipitishe kitambaa,
sijagusa kitufe, sijasema hodi,
na hiyo! Taa. Feni. Mlio.
Kisha inaandika: Karibu tena, Ombati."

Akalikunja taulo mara mbili, mara nne.

"Ombati tulimzika Nyamira mwezi wa tatu."

Mutiso, msaidizi wangu, akaacha kulehemu.
Uzi wa moshi ukapanda peke yake.

Nilitaka kumweleza: si mzimu, mama,
ni sumaku ndogo kama punje ya mchele
iliyofichwa pembeni mwa kioo;
ikitengana na mwenzake upande wa chini
mashine hudhani mwenyewe amerudi.
Nikayasikia maneno yangu kabla hayajatoka.
Nikayameza.

"Alikuwa karani wa bima," akaendelea,
"hakupenda kitu kinachomchelewesha.
Hata lango la nyumbani alitaka lijifungue lenyewe.
Mimi nilipiga taipu mahakamani miaka thelathini na mmoja.
Mashine yangu ilikuwa na adabu:
ulipoifunua ilikutazama tu,
ikangoja kidole."

Nikaingia kwenye ule ukurasa mweusi wa mwanzo
ambao wenye mashine hawaujui,
panapowekwa saa, panapoamuliwa nani atangulie kuamka.
Mshale chini, chini, chini, kulia.
Mstari mmoja: jiwashe kifuniko kikifunguliwa.
Ndiyo.
Nikaifanya hapana.
Hifadhi. Toka.

Kazi ya dakika mbili, niliona haya kutaja bei.
Nikasema mia tatu.
Akasema mia mbili,
kwani msiba ni msiba na Luthuli ni Luthuli.

"Jaribu, mama."

Akafunua.
Kioo kikabaki kiza,
na ndani ya kiza uso wake, balbu yangu,
kalenda ya ukutani ikisomeka kinyumenyume.
Akafunga. Akafunua. Akafunga.
Mara nne, taratibu,
kama mtu anayepima usingizi wa mtoto.

"Na nikimtaka?"

Hakusema nikiitaka.
Mutiso pia alisikia; alijitia kutafuta bisibisi
iliyokuwa mkononi mwake.

Nikamwonyesha kitufe, kona ya juu kulia,
kiduara chenye kijiti.
"Hapa. Gusa mara moja tu, uachie.
Ukishikilia sana, inazima."

Kidole chake kikaja, kile cha mahakama,
kucha fupi, ncha iliyobapa kwa hukumu za watu wengine.
Kikasimama juu ya kitufe, hewani,
upana wa karatasi moja.
Spika za chini zikabadilisha wimbo.
Kidole kikarudi kwenye taulo.

Akanihesabia noti za hamsini, nne,
akaviringisha mzigo wake, ncha kwa ncha,
akaukumbatia kifuani.

Nilimsikia ngazini
akiwaomba vijana waliobeba katoni wampishe.
"Polepole," akawaambia. "Imelala."