Mkia wa Herufi

Mwaka wa kwanza hatukugusa kompyuta.
Wino mweusi, brashi, karatasi za bei ya chini,
na Mwalimu Gniewko akipita nyuma ya migongo yetu
kama mkaguzi wa tiketi.
"Chora a. Chora tena a.
Sasa chora kilichomo ndani ya a,
ule weupe uliofungiwa tumboni."
Nilichora tumbo la a siku kumi na moja.

Baba, fundi wa tramu, aliuliza mezani:
"Kwani herufi hazikuchorwa zamani?
Au zimechakaa?"
Nikacheka. Usiku nikagundua hakuwa akitania.

Mji wetu ni Łódź, maana yake mashua,
na mito yake imefukiwa chini ya lami.
Bibi alifuma vitambaa katika kiwanda cha matofali mekundu
ambacho leo ni maduka na sinema.
Dirisha la darasa linatazama dohani lake,
refu, safi, halina la kusema.
Yeye alihesabu nyuzi, mimi nahesabu nafasi
kati ya mstari na mstari.
Ukoo mzima tunamaliza macho kwa vitu vyembamba.

Alhamisi ni siku ya ukuta.
Tunabandika kazi kwa pini,
tunasimama kando yake kama washtakiwa.
"Nani alikuomba rangi hii ya machungwa?"
Kimya.
"Sikukebehi. Nauliza: nani?"
Hakuna, nikasema. Niliipenda tu.
"Kupenda si kosa. Lakini msomaji atajuaje
kwamba bango hili si la machungwa?"
Lilikuwa bango la kuchangia damu.

Lugha yetu ina herufi zenye mkia,
ndoano ndogo chini ya a, chini ya e.
Wasioijua huubandika mwishoni,
kifungo kilichoshonwa na mtu mwenye haraka.
Muhula mzima nilijifunza hili moja:
mkia haubandikwi, unaota.
Hutoka katika mwili wa herufi yenyewe,
wino ukishuka bila kukata pumzi.

Kisha mafunzo kazini, miezi mitatu.
Nilikata picha za viatu, jozi mia tatu na arobaini,
nikiondoa mandhari, kamba kwa kamba, tundu kwa tundu.
Hakuna aliyeuliza habari za mkia.
"Mteja anataka nembo kubwa zaidi."
Ikawa kubwa.
"Zaidi."
Ikawa kubwa mpaka ikafunika kiatu.
Akalipa siku hiyohiyo.

Nilirudi chuoni nimejua bei ya saa yangu,
na kwamba ankara nayo husanifiwa:
tarakimu zisipopangana, malipo huchelewa.
Mwalimu Gniewko hakufundisha hilo.
Alifundisha kukaa na a siku kumi na moja.
Sijui bado lipi litanilisha.

Wiki ya kukusanya kazi za kuombea ajira
baba akaja na ombi, kofia mkononi:
jikoni kwa mafundi vikombe havioshwi,
nimwandikie tangazo.
Nilikuwa na usiku mmoja. Nikampa wote.
Neno letu la tafadhali ni proszę,
lina mkia mwishoni.
Niliuacha ushuke taratibu,
ukajikunja chini ya maneno yote
kama maji yanayotoka bombani.

Huko Warsaw, mama mmoja mwenye miwani ya kijani
alifunua kazi zangu bila kusimama:
viatu, damu (bila machungwa), jalada, jalada.
Kwenye karatasi ya vikombe mkono ukatulia.
"Hii aliiagiza nani?"
Baba, nikasema.
Akaandika kitu pembeni. Sikukiona.
Bado nasubiri simu.

Na vikombe?
Bado vichafu, anasema baba.
Ila sasa kila anayeingia jikoni
husimama kidogo, akasoma,
kisha ndiyo anaacha kikombe.