Kila Mtoto na Ukuni Wake

Nilipanda kutoka Tbilisi na futi kamba
na ramani tupu zilizoviringwa ndani ya bomba,
nikaikuta shule ya Khidevi imelipa jua mgongo
kama mgeni aliyesusa chakula.

Paa linavuja mahali kumi na moja.
Nilipahesabu. Jokia, mlinzi, akanisahihisha:
"Kumi na mbili. Pamoja huvuja upepo ukitoka kaskazini tu."

Madirisha yamepigwa misumari tangu tetemeko.
Choo kiko ng'ambo ya kijito,
na theluji ikianguka, alinieleza Lamzira wa darasa la tatu,
"tunakwenda wawili wawili:
mmoja anaingia, mwingine anashika mlango."

Nikachora.
Nyumbani kwa mwalimu Makvala, chini ya mablanketi matatu, nikachora.
Nikaigeuza shule uso.
Nikashusha madirisha hadi kwenye kidevu cha mtoto wa miaka saba,
maana ya zamani yaliwaonyesha watoto mawingu
na kuwaachia wakaguzi mlima.
Choo nikakiingiza ndani, nikakipa komeo.
Na lile jiko la chuma linalokohoa katikati ya darasa
nikalipiga mstari mwekundu:
mabomba ya maji moto, ukutani, safi, kama ya mjini.

Kwenye mkutano hakuna aliyebisha.
Nikadhani wameridhika.
Nilikuwa nimesahau kwamba kimya kingi kina mshindo.

Kazi ilikula kiangazi chote na kipande cha vuli.
Wanawake walipiga lipu wakipokezana ndoo na umbea.
Tulipobandua lipu ya zamani, ukuta ukatoa hesabu ya mkaa:
sita mara nane, arobaini na sita.
Fundi Avtandili akaweka nyundo chini.
"Mwandiko wa baba huo. Hakuiweza mpaka anakufa."
Hatukuifunika. Tuliikatia kioo kama dirisha,
na kosa lile limebaki pale, limetunzwa,
watoto wanalisahihisha kwa kidole kila wakipita.

Siku ya theluji ya kwanza nikarudi kukagua.
Mabomba yana moto. Makoti yametundikwa.
Na nje ya mlango, lundo:
kuni za mwaloni, za mtufaha uliozeeka, mguu mmoja wa kiti,
kuni zisizo na wenzao motoni wa kuwacheka.
Kila mtoto alikuja na ukuni wake kwapani
kama alivyokuja mama yake, na nyanya yake,
akauweka chini, akapangusa viatu, akaingia.

"Nani kawaagiza?"
Hakuna.
"Sasa huu unaupeleka wapi?"
Lamzira akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona anapumua.
"Ni wangu," akasema. "Nitakujaje mikono mitupu?"

Nikakaa juu ya lile lundo, na kofia yangu ya mhandisi,
nikatoa kifutio.

Jokia hakuwa ameuza jiko kwa wanunuzi wa vyuma kama nilivyomwambia.
Lilikuwa zizini kwake, kuku wanatagia ndani.
Tukatoa mayai tisa, tukalisugua,
tukalisimamisha ukumbini, si darasani,
na benchi kulizunguka, pana, la kukalia wazee
wanaokuja kusubiri wajukuu
na kusahau kuondoka.
Kwenye bajeti hakukuwa na safu ya kitu hicho.
Niliandika "uingizaji hewa".
Mungu na wizara wanisamehe.

Na lile tundu la kumi na mbili?
Nimelipanda mara tatu, sijalipata.
Upepo ukitoka kaskazini Jokia huweka sufuria,
hunipigia simu Tbilisi usiku wa manane,
hasemi neno,
huinamisha simu nisikie.