Anayemdai Marehemu

Kabla ya udongo, shehe aliuliza kama iulizwavyo:
"Yupo anayemdai Salehe Kiangio?
Ajitokeze. Wanawe wapo, watalipa."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao.
Fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili akakohoa,
nikajua ni zile spoku mbili, na kwamba ameshasamehe.
Mwenye la kusema nilikuwa mimi,
ulimi ukanigandia kaakaani.

Maana baba alikuwa na deni.
Soksi. Jozi moja, za jeshi, za sufu, rangi ya majani makavu.

Alitusimulia mara moja tu,
usiku umeme umekatika, mvua inapiga bati
upande wa sikio lake zima.
Kagera, kabla ya Mutukula, tope lilimla nyayo
hata akivua buti ngozi inatoka nalo.
Masalu, kijana wa Kisukuma ambaye hajaiona bahari,
akatoa zake kavu kifuani alikozificha:
"Vaa, Mtanga. Utanilipa tukifika."
Wakafika. Masalu hakufika.
Hapo baba akaanza kutafuta kiberiti,
na kiberiti kilikuwa mkononi mwake.

Vita vyote alivyotuachia ni hivyo,
na sikio la kushoto lililokufa,
ambalo mama alilitumia kumsema apendavyo,
naye akajifanya hata la kulia halisikii.
Medali ilikaa kwenye kopo la vifungo.
Mwantumu aliichezea mdako, akaipoteza,
akaiokota uvunguni baada ya mwaka.
Hakuna aliyegombezwa.

Husemwa Tanga waja leo, waondoka leo.
Yeye aliondoka mara moja, akarudi,
na tangu hapo hata harusi ya Muheza
hakwenda mpaka sote tumepata nafasi kwenye basi.
Jumapili usiku, pasi ya mkaa:
sare tano zimepangwa foleni kitandani,
mkunjo wa kaptura ungeweza kukata nyanya.
Asubuhi Sadala mbele kwenye bomba la baiskeli,
mimi nyuma kwenye keria, matako yakifa ganzi,
na jasho la mgongo wa baba likinukia grisi ya karakana ya reli.

Siku ya Idi, fataki zikianza Ngamiani,
aliingia jikoni kimya, akamnyang'anya mama mchi,
akatwanga, akatwanga,
mchele ukawa unga, unga ukawa vumbi,
mpaka mtaa ukatulia.
Vitumbua vya nyumba yetu vilikuwa laini kupita vyote.
Majirani walidhani ni ufundi.

Na kila Januari, shule zikifunguliwa, soksi.
Watoto watano, jozi sita.
Ya sita kubwa, ya mtu mzima;
aliikunja, akaitia sanduku la bati, chini ya koti.
Mwaka karakana ilipopunguza watu
tulinunuliwa jozi mbili, tukavaa kwa zamu,
na ya Masalu ikanunuliwa vilevile.
Nilikuwa na miaka kumi, gumba langu liko nje.
Nilimchukia Masalu. Nilimchukia kwelikweli,
kama mtu anavyomchukia ndugu anayependelewa.

Shehe akauliza mara ya pili. Kimya.
"Basi hana deni," akasema, na majembe yakaanza.

Sanduku tulilifungua baada ya arobaini.
Thelathini na nane, nyingine zimeliwa na nondo,
nyingine bado na kile kikaratasi cha bei.
Mama akazishika moja moja, akanusa, akazirudisha.
"Funga," akasema. "Usizigawe."

Leo ni Januari.
Nimesimama dukani, wangu ni wawili,
nimeagiza jozi tatu.
Muuzaji ameniuliza hiyo ya tatu ni ya mguu saizi gani.
Sijui.
Nadhani baba naye hakujua,
alikuwa akikisia tu, mwaka hadi mwaka.