Herufi Moja

Jumamosi, maktaba ya Bletchley, chumba cha nyuma.
Hita inakohoa, mvua ya Novemba inakwaruza kioo.
Tumekuja kumi na mmoja, viti ni tisa.
Bi Mwanakhamis kaleta visheti kwenye kopo la aiskrimu,
na mtu kachapisha ubeti wangu, bila jina:

Jogoo nilimshika, mdomo nikaufunga,
mama asije amka, akautaka mchanga;
na kweli likasitika, jua nyuma ya kiunga,
nilipomwacha kuwika, sauti ilishakonga.

Nimekaa karibu na mlango, kimya,
kama mgeni kwenye matanga ya mtu nisiyemjua.

Shaame, aliyeendesha basi la usiku miaka ishirini na mbili,
anahesabu mizani kwa vidole juu ya goti.
"Kumi na sita. Kumi na sita. Safi."
Kisha: "Jogoo ni baba. Baba kafungwa mdomo,
nyumba imekosa wa kuiamsha."
Anasema hivyo akitazama vifungo vya koti lake,
si karatasi. Nasikia wanawe hawampigii simu.

"Baba gani?" Bi Mwanakhamis anajifuta sukari vidoleni.
"Someni kilichoandikwa. Akautaka mchanga.
Wanaume wamekwenda, wamezika, wamerudi, wamenawa.
Yeye angalau apate konzi moja ya ule udongo
auweke chini ya mto. Mimi niliuomba.
Nikaambiwa nisubiri, kwanza eda."
Kwa muda hakuna anayegusa visheti.

Ruwaida katoka zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
kitambulisho bado kinaning'inia shingoni.
"Hapa pana kosa la chapa.
Si akautaka, ni akamtaka. Mchanga ni mtoto.
Mimi ndiye nawakunja kwa taulo, wale wasiolia.
Mama akizinduka, hilo ndilo swali lake la kwanza.
Wala si swali. Ananyoosha mikono tu."

U au m.
Wakagawanyika, sauti zikapanda, mkutubi akachungulia.
Mmoja akaleta ngeli,
mwingine akaleta methali, hata asipowika kutakucha,
kana kwamba kuna aliyekuwa akibishana na jua.
Nikalitafuta kichwani daftari lile, wino ule, ukurasa.
Sikumbuki. Wallahi sikumbuki niliandika ipi.

Idrisa, miaka tisa, kaletwa kwa kukosa wa kumwachia,
mzaliwa wa hapa, ng'ombe anaowajua vizuri
ni wale wa saruji,
akainua mkono kama yuko darasani:
"Yule jogoo, ilimuuma?"

Kiswahili chake kinachechemea. Swali halikuchechemea.
Watu wakacheka, kwa upole. Sikucheka.
Viganja vyangu vilikuwa vimeshakumbuka:
lile joto, mbawa zikisukuma mbavu zangu,
jicho moja la pembeni, rangi ya chungwa,
likinitazama.
Miaka arubaini namlilia mama
na ndugu yangu ambaye hakuwahi kupewa jina;
jogoo sijamwomba radhi hata siku moja.

Usingizi haukuja. Kabla hakujakucha
nikampigia dada, Wete. Alikuwa anachagua mchele,
nausikia ukigonga ungo.
"Unamkumbuka yule jogoo?"
"Wa asubuhi ile? Namkumbuka."
Mchele ukanyamaza.
"Mama alikuwa macho, hukujua?
Alikuona kupitia ufa wa mlango,
akarudi kitandani, akafumba macho kwa nguvu
asije akakuharibia kazi."

Sikumuuliza kuhusu herufi.
Chai ilikuwa imeota ngozi.
Alfajiri ya hapa haina wa kuitangaza,
inakuja tu, saa moja na robo, juu ya mzunguko wa barabara,
kijivu, kama mtu anayeingia kazini kwa kuchelewa.

Nikamwandikia mama yake Idrisa:
mwambie ndiyo.
Ilimuuma.