Barua ya Chura

Nina miaka hamsini na mitatu, naendesha tramu Tampere,
na kila jioni saa kumi na mbili na robo
navua buti zenye theluji mlangoni,
nateleka viazi,
nakaa kumtazama konokono akipeleka barua.

Ni katuni ya watoto. Nakwambia mapema
usije ukasema nilikuficha.
Ilianza Hilla, mjukuu wa dada yangu,
alipolazwa kwenye kochi langu na homa.
Mtoto akasinzia. Mimi nikabaki.

Konokono ni tarishi. Kutangulia si kufika,
na hakuna anayemcheka kwa mwendo wake
ila Kunguru, mkuu wa posta,
anayeongea sawasawa na meneja wetu wa zamu.
Hapo nikajua: aliyeandika haya
amewahi kuajiriwa.

Wiki iliyopita alibeba barua ya Chura.
Nyumba tupu. Dirisha wazi, kikombe mezani.
Hakuna aliyetamka neno kufa.
Muziki ukanyamaza, na kwa dakika nzima
(niliihesabu kwa saa ya ukutani)
konokono alikaa kizingitini na bahasha yake,
mvua ikimdondokea gambani,
tone,
tone.
Nani siku hizi humwachia mtoto dakika nzima?
Sisi wakubwa tunapigiwa vinanda hata tukilia,
wakichelea tutabadilisha chaneli.

Kunguru akasema: Irudishe. Andika "hayupo."
Naye akajibu, bila kupaza sauti:
"Barua nayo ina haki yake. Ibishiwe hodi."
Kesho yake akaenda kubisha. Na keshokutwa.

Viazi vikaungua.

Maana mimi niliandika "hayupo."
Kwa kalamu ya bluu, mara kumi na moja,
juu ya bahasha za kaka yangu Armas:
bima, maktaba, daktari wa meno,
kwaya iliyotaka ada ya mwaka.
Nikazitumbukiza zote kwenye sanduku la posta
huku injini ya gari inanguruma.
Nilikuwa na zamu.

Kazini wenzangu husimuliana tamthilia za mauaji:
maiti ziwani, mpelelezi mlevi, mke anayejua kitu.
Tuovi akaniuliza, wewe unatazama nini?
Nikasema, konokono.
Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.
Nami nikacheka; ningefanyaje?

Ila Osmo hakucheka.
Osmo husema maneno manne kwa siku,
mawili kati ya hayo ni "baridi" na "breki."
Jana tulipopokezana tramu kule Hervanta,
kiti bado kina joto langu,
alishika usukani, akatazama mbele, kioo cheupe kwa theluji.

"Chura karudi?"
"Bado."
Akavuta zipu hadi kidevuni.
"Lakini kabishiwa?"
"Kabishiwa. Leo pia."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga milango,
na tramu ikaondoka taratibu,
taratibu kuliko ratiba.